Pointi tano za mwaka: jinsi wakili wa mji mdogo anavyoweza kusoma mtandaoni na masomo yakamfaa

Cheti cha kuhudhuria ninacho mpaka leo. Kinasema nilikaa saa tatu kwenye semina ya mtandaoni kuhusu ushahidi wa kielektroniki, na pointi yangu ya mafunzo ya mwaka ikaingizwa. Miezi minne baadaye nikasimama mbele ya hakimu hapa Malindi nikiwa na kurasa kumi na moja za mazungumzo ya WhatsApp, nimezichapisha vizuri na kuzitia namba. Mteja wangu alikuwa ameuza boriti na makuti kwa mtu aliyekuwa akijenga nyumba za wageni Watamu, na deni lilikuwa limefika shilingi milioni moja na laki nne. Makubaliano yote yalikuwa humo ndani ya simu. Wakili wa upande wa pili akainuka, akauliza swali moja tu: cheti cha kifungu cha 106B kiko wapi?

Sikuwa nacho. Ni hati inayotakiwa na Sheria ya Ushahidi, ya kueleza rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana na kwa kifaa gani. Siku ya semina jambo hilo lilielezwa nusu saa nzima. Mimi nilikuwa nimezima kamera, simu nimeiegemeza kwenye kikombe, na mikono yangu inaandika barua ya mteja mwingine. Kurasa zangu zikakataliwa. Nikaomba ruhusa ya kuleta cheti, nikapewa baada ya kulipishwa gharama za siku ile, na kesi ikasogea miezi saba. Tulipotoka nje mzee aliyekuwa akidai haki yake aliniuliza, "Sasa bi wakili, mimi nimekosa nini?" Hakuwa amekosa kitu.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyosoma. Ninayaandika haya kwa mawakili wenzangu walioko Malindi, Hola, Voi, Lodwar na miji mingine ambako maktaba ya sheria ni kompyuta ya ofisini na bando la simu, na kwa wanagenzi wanaoanza kazi huku wakiamini kwamba semina zote ni sawa.

Pointi zinadai nini, na hazidai nini

Kanuni za mwaka 2014 za kuendeleza taaluma zinamtaka kila wakili nchini Kenya apate pointi zisizopungua 5 kila mwaka, na angalau 2 kati ya hizo zitoke kwenye mafunzo ya Chama cha Mawakili chenyewe, LSK. Leseni ya uwakili huisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo Novemba na Desemba huwa msimu wa kuvuna pointi kama watu wanavyovuna korosho: mbio, na lolote litakaloanguka linaokotwa. Wakili wa ardhi utamkuta kwenye semina ya kodi za kampuni za mafuta kwa sababu ndiyo iliyobaki na nafasi.

Zamani sisi wa Malindi tuliifuata semina Mombasa, kama kilomita 120. Unaamka alfajiri, unapanda matatu, unapita Kilifi na Mtwapa, unalipia na chakula cha hoteli. Ilikuwa ghali, lakini nusu ya sheria ya ardhi ninayoijua niliipata kwenye foleni ya chai, nikimwuliza mkubwa wangu jambo ambalo nisingethubutu kuliuliza mbele ya ukumbi. Machi 2020 mahakama zilipopunguza shughuli kwa sababu ya korona, semina zikahamia Zoom, na nyingi hazikurudi hotelini. Idara ya Mahakama nayo ikaanza kupokea kesi kwa njia ya mtandao jijini Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na kufikia Machi 2024 utaratibu huo ulikuwa umeenezwa kwenye mahakama zote nchini. Wakili wa Lodwar na wa Upper Hill, Nairobi, wanaona skrini ileile. Hilo ni jambo kubwa, na silidharau hata kidogo. Tulichopoteza ni ile foleni ya chai, na karibu kila nitakachokueleza hapa chini ni njia ya kuirudisha.

Ninaamini pia kwamba hesabu ya pointi haitadumu kama ilivyo. England na Wales, Solicitors Regulation Authority, mamlaka inayosimamia mawakili huko, iliondoa sharti la saa 16 kwa mwaka tarehe 1 Novemba 2016. Sasa wakili anajipima mwenyewe, anauona upungufu wake, anauziba, anaweka kumbukumbu, kisha anathibitisha kila mwaka kwamba amefanya hivyo. New York saa zimebaki, lakini tangu 1 Julai 2023 lazima saa moja katika kila kipindi cha miaka miwili iwe ya usalama wa mtandao, faragha na ulinzi wa data. Mmoja ameacha kuhesabu saa, mwingine ametaja somo. Wote wawili wanauliza ulichojifunza kimeifanyia nini kazi yako. Swali hilo likifika kwetu, nataka likukute tayari una jibu.

Anza na mafaili yako, kabla ya kutazama ratiba ya semina

Mahakama Kuu huwa likizoni kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari. Chukua siku mbili katika hizo. Teremsha mafaili ya mwaka uliopita, ya kesi ulizoshinda na ulizoshindwa, uyapitie ukiwa na daftari. Tafuta mambo matatu: siku uliyorudishwa kwa sababu ya kosa lako, siku ambayo wakili wa upande wa pili alijua jambo usilolijua, na swali la mteja ulilolijibu kwa "nitakuangalizia" halafu hukuangalia.

Orodha yangu ya mwaka ule ilikuwa hivi. Cheti cha 106B, bila shaka. Halafu madai madogo: Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, nami nilikuwa nikipanga mashahidi wangu kwa mwendo wa mahakama nyingine. Kisha sahihi za kielektroniki. Kijana wa hapa anayefanya kazi Doha alitaka kutia sahihi mkataba bila kusafiri, akaniuliza kama inafaa, nami nilijua tu kwamba kuna sheria ya marekebisho ya mwaka 2020 iliyogusa jambo hilo. La nne lilikuwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ambayo huku Pwani haimkwepi mtu.

Mambo manne. Yanatosha mwaka mzima. Ukiandika kumi na tano utasoma mawili na kujilaumu kwa kumi na matatu.

Hapo ndipo unapofungua ratiba. Tenga kwanza pointi 2 za LSK, uone kama lolote katika orodha yako linaangukia humo, kisha jaza zilizobaki kutoka kwa waandaaji wengine. Kabla ya kulipa, hakikisha mwandaaji ametambuliwa na LSK kwa mwaka huo wenyewe. Tangazo lenye rangi nzuri na neno CPD, yaani mafunzo ya kuendeleza taaluma, halitoshi.

Kuchagua somo

Mimi huuliza mwalimu ni nani na anafanya kazi gani Jumatatu asubuhi. Anayefundisha kuhusu kuwasilisha kesi mtandaoni na hajawahi kukwama kwenye malipo ya ada saa kumi jioni siku ya mwisho, hatanifaa. Naibu msajili wa mahakama, karani mkuu, afisa wa ardhi, hao wamenifundisha mengi kuliko maprofesa wengine, nami naomba waandaaji wawaite zaidi.

Huuliza pia kama kutakuwa na nyaraka za kubaki nazo: mfano wa hati ya kiapo, orodha ya hatua, hukumu zenyewe. Na huuliza kama maswali yanaulizwa kwa sauti au yanaandikwa tu pembeni, kwa sababu yale ya kuandikwa husomwa matatu na kipindi kinakwisha.

Masomo yaliyorekodiwa yanazidi kuongezeka na yana faida yake. Unasimamisha, unarudisha nyuma, unasikiliza saa nne usiku watoto wakishalala. Lakini rekodi haijibu swali. Mimi huitumia kwa sheria mpya ninayotaka kuisikia mara mbili, na somo la moja kwa moja nikaliwekea jambo lenye utata ambalo lazima nimwulize mtu.

Siku yenyewe

Hili ni dogo lakini limewagharimu wengi: ingia kwa majina yako kamili kama yalivyo kwenye orodha ya mawakili, pamoja na namba yako ya uwakili inayoanza na P.105. Aliyeingia kwa jina la aina ya simu yake atapata shida kuthibitisha kwamba ni yeye. Piga picha ya skrini mwanzoni na mwishoni.

Nunua bando jana yake. Umeme ukikatika hapa kwetu hukatika na mtandao wa ofisini, kwa hiyo simu iwe na chaji ya kubeba kompyuta kwa saa tatu. Mwambie karani wako kwamba uko mahakamani. Nasema hivyo kwa makusudi: nikisema niko kwenye semina, mlango hugongwa kila dakika kumi. Nikisema niko mahakamani, hakuna anayegonga.

Washa kamera, na uandike kwa mkono. Si kila neno. Andika vitu viwili tu: kifungu na kitendo. "106B(4): andaa cheti, atie sahihi mwenye simu." Ukurasa mmoja kwa semina nzima. Nikiangalia daftari la kabla ya kesi ya boriti, naona vichwa vya slaidi nilivyonakili, na hakuna hata mstari mmoja unaoniambia nifanye nini kesho.

Siku saba baada ya somo

Hapa ndipo kazi ilipo, nami nakuomba usiparuke. Ndani ya siku saba toa kitu kimoja kinachoweza kutumika ofisini kwako: fomu, orodha, barua ya mfano, aya ya kuingiza kwenye mkataba. Kama huwezi kutoa kitu, ama somo lile halikuhusu, ama hukulisikiliza.

Nikuonyeshe nilichotoa mimi. Nilirudia somo la ushahidi wa kielektroniki, safari hii kwa mwandaaji mwingine, kisha nikaifungua Sheria ya Ushahidi mwenyewe. Kifungu cha 106B kinataka cheti kitambue rekodi yenyewe na kueleza ilivyopatikana, kitoe maelezo ya kifaa kilichotumika, kiguse masharti yaliyotajwa katika kifungu kidogo cha pili, na kitiwe sahihi na mtu mwenye wajibu juu ya kifaa hicho au shughuli hiyo. Nikaviandika vitu hivyo kwa lugha ya maswali kwa karani wangu: Simu ni ya nani? Ya aina gani na namba gani? Mazungumzo yalitolewaje, kwa picha ya skrini au kwa kuyahamisha kwenye faili? Nani aliyatoa, lini, kwenye kompyuta ipi? Printa ni ipi? Simu ilikuwa ikifanya kazi vizuri muda wote huo? Iko wapi sasa?

Karatasi hiyo moja imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la mafaili. Mteja akisema neno WhatsApp, karani anaichukua kabla hata hajaniita. Siku ileile tunajaza, mteja anasoma, anatia sahihi. Jambo lililonigharimu miezi saba sasa linachukua dakika arobaini.

Hatua ya pili ndani ya siku hizo saba ni kusoma hukumu yenyewe. Mwalimu atakuambia Mahakama Kuu ilisema hivi. Ingia Kenya Law, ambako sheria na hukumu zinasomwa bure, uitafute kwa rejea yake. Zile herufi zilizo kwenye rejea zinakusaidia kujua uzito wa unachokisoma: KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ya Rufani, KEHC Mahakama Kuu, KEELC Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mara mbili nimekuta hukumu iliyosifiwa kwenye semina ilikuwa imeshatenguliwa kwenye rufaa. Mwalimu hakudanganya, slaidi zake zilikuwa za miaka miwili nyuma.

Hatua ya tatu ni kulieleza somo kwa Kiswahili. Tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini mteja hapa Malindi anataka kujua kwa lugha yake kwa nini simu yake itashikwa ofisini kwa saa nzima, na mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu zinaendeshwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Jaribu kumweleza mtu wa nyumbani kwako katika dakika tatu. Mama yangu ndiye hakimu wangu kwenye hili. Akiuliza "Kwa hivyo?" mara ya pili, narudi kusoma.

Akili unde (AI): itumie ikuulize, usiitumie ikujibie

Wanagenzi wangu wanaijua kuliko mimi, nami sikuwakataza. Tumewekeana utaratibu tu. Chombo cha akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, ni kizuri sana kwa kukuhoji. Kiambie: niulize maswali kumi kuhusu masharti ya ushahidi wa kielektroniki, moja moja, usinipe majibu. Ukishajibu, sahihisha kwa kufungua sheria, maana nacho kinakosea kwa uhakika uleule kinaopatia.

Juni 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca huko New York, Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu zilizotungwa na ChatGPT, ambazo hazikuwahi kuandikwa na mahakama yoyote. Miaka miwili baadaye, Juni 2025, Mahakama Kuu ya England ikawaonya mawakili wake juu ya kosa hilohilo. Ofisini kwangu hukumu isiyofunguka Kenya Law haiingii kwenye hoja, hata kama ina majina mazuri ya wadai. Ikifunguka, mwanagenzi anasoma aya yenyewe na kuandika namba ya aya pembeni, kisha nami naisoma.

Na jina la mteja haliingizwi humo kamwe. Siri ya mteja inalindwa na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe na kompyuta yako. Ukitaka kuuliza, uliza kuhusu "muuzaji" na "mnunuzi", toa mahali, toa kiasi.

Rudisha foleni ya chai

Tafuta mawakili wanne mnaoaminiana, muwe watano. Sisi tuko Malindi, Kilifi, Garsen na wawili Mombasa, na tunakutana kwa simu ya video kila Alhamisi ya pili ya mwezi saa mbili usiku. Mmoja analeta alichosoma, anaeleza kwa dakika ishirini, kwa Kiswahili. Wengine wanamwuliza kwa mafaili yao, bila majina ya wateja. Aliyehudhuria semina anatuma ukurasa wake mmoja na ile fomu aliyotoa. Mwaka uliopita nilihudhuria semina sita, lakini nina fomu kumi na tisa kwenye kabati.

Tulianza watu kumi na wawili na ikatushinda: watatu wakazungumza, tisa wakasikiliza kama wako Zoom. Watano hawana pa kujificha. Kikundi hiki hakikupi pointi hata moja, na ndicho kipindi ambacho mimi siwezi kukikosa. Mtu aliye mdogo kwa miaka ya kazi asione haya kuwa wa kwanza kuuliza. Mwenzetu wa Garsen ana miaka minne tu kazini, na ndiye aliyetufundisha sote Ardhi ya Jamii.

Kumbukumbu

Weka daftari moja lenye mistari minne kwa kila somo: tarehe na mwandaaji, jambo la kwenye orodha yako lililohusika, kitu ulichotoa, na faili lililotumia kitu hicho. Mstari wa mwisho utakaa mtupu kwa miezi mingine, uache, urudi. Vyeti vya kuhudhuria viwe kwenye folda moja ya mwaka, na nakala nje ya kompyuta.

Wiki ya kwanza ya Novemba ingia kwenye akaunti yako ya LSK, uhesabu pointi zilizoingizwa na ulinganishe na daftari. Ukikuta moja imekosekana, mwandikie mwandaaji siku hiyohiyo, uambatishe cheti, picha zako mbili za skrini na namba yako ya P.105. Desemba kila mtu anaandika, na barua yako itasimama nyuma ya mamia.